Kidonda cha mdogo wangu kina miezi saba

Shikamoo mama,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi mwaloni huku upande wa Sengerema. Kazi yangu ni dagaa: nanunua kwa wavuvi alfajiri, naanika, nauza kwa wanaokuja na magari kutoka Mwanza. Mdogo wangu wa kiume nimemlea tangu mama yetu alipofariki, sasa ana miaka 24. Ana ualbino. Ndiye ninayemtegemea, yeye ndiye anayeanika, anayegeuza na anayekimbia kukusanya mvua ikitaka kunyesha.

Mwezi wa kwanza mwaka huu alitokwa na kitu kama punje ya mtama nyuma ya sikio la kushoto, pale sikio linapoungana na shingo. Alikikuna, kikatoa damu kidogo, kikafanya gamba. Gamba likadondoka, chini pakabaki pabichi. Tangu hapo ni hivyo hivyo, gamba linakuja na gamba linatoka, na kila likitoka kidonda kimeongezeka. Sasa ni mwezi wa nane, kimefikia upana wa sarafu ya shilingi mia. Kingo zimeinuka na ukigusa ni ngumu, katikati pamezama. Nikifua foronya yake nakuta doa la damu pale pale. Maumivu anasema si makubwa, ndiyo maana tumechelewa.

Si kwamba tumekaa tu, mama. Duka la dawa tumekwenda, tukauziwa tyubu. Zahanati tumekwenda mara tatu, mara zote tumeambiwa ni fangasi na uchafu wa dagaa; vidonge amemeza, sindano amechomwa. Shangazi yetu akasema hiki si kidonda cha kawaida, mtoto katupiwa kitu, akaleta unga mweusi kutoka kwa mganga. Amepaka wiki mbili, pakavimba, nikamwambia aache, ila shangazi anataka arudie.

Nyumbani nako hakujatulia. Mume wangu anasema kama ni kansa basi itawarukia watoto, atengewe kikombe na sahani, na asilale nao chumba kimoja. Jirani naye anasema watu kama yeye damu yao ni nyepesi, ndiyo maana wanaoza wakiwa hai.

Mimi siamini kwamba ni jua, kwa sababu amekaa juani tangu mtoto na hakuwahi kuugua. Tena kofia havui, kapelo yake anaivaa hata ndani. Na ukoo wetu hauna kansa. Baba yetu ana miaka 63, ana doa jeusi unyayoni karibu na kisigino, huu mwaka wa pili, linatanuka polepole na wala halimuumi, anaenda shamba kama kawaida. Angekuwa mtu wa kansa si angeshakufa? Hata mimi natumia mkorogo usoni mwaka wa sita huu, sijatokwa hata na chunusi.

Nataka kujua mambo matatu. Hii ni kansa? Kama ni kansa, kuna haja ya kugusa hela ya mtaji kumpeleka Mwanza, au ndiyo basi tena? Na watoto wangu wako salama?

Dada wa mwaloni, Sengerema

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye sentensi ambayo wewe umeipita mbio. Nitaifikia.

Kwanza kikombe, maana hilo linaweza kwisha leo kabla ya chakula cha jioni. Kansa ya ngozi haiambukizi. Haipiti kwenye sahani, taulo, shuka, wala damu iliyodondokea foronya. Ni seli za mdogo wako mwenyewe zilizoharibika, na zikimgusa mtoto wako zitakufa tu kama ngozi yoyote iliyobanduka. Ualbino nao hauambukizi. Mtu anazaliwa nao akirithi vinasaba kutoka kwa baba na mama wote wawili, hata kama wazazi wenyewe ni weusi tii. Mpe mume wako jibu hili alisome mwenyewe. Kijana akishatengewa kikombe anaanza kukificha kidonda chini ya kola, na wewe unahitaji kukiona kila siku.

Je, ni kansa? Kwa barua sisemi ndiyo wala hapana. Hata daktari aliyekaa mbele yake haapi kwa macho. Wanakata kipande kidogo ukingoni mwa kidonda na kukipeleka maabara kikatazamwe kwa darubini. Hospitalini tunaita kuchukua kinyama. Ila nimekaa kliniki ya ngozi miaka mingi kabla ya kustaafu uuguzi, na kijana mwenye ualbino mwenye kidonda karibu na sikio, kingo ngumu zimeinuka, katikati pamezama, kinatoa damu usiku, huyo sikumruhusu aondoke na tyubu. Kidonda cha kawaida, hata cha mtu asiyejitunza, kinaelekea kupona. Kinakauka, kinajifunga kuanzia pembeni, wiki tatu au nne kimekuwa kovu. Cha mdogo wako kina miezi saba na kinakwenda upande mwingine kabisa.

Kansa inayoongoza kwa ndugu zetu wenye ualbino hapa Tanzania ni ya seli bapa, zile za tabaka la juu la ngozi. Inapenda uso, masikio, mdomo wa chini, shingo, migongo ya mikono. Mwanzoni haiumi, au inawasha tu, na inajionyesha kama gamba lisilotaka kuachia. Vidonge na sindano alizopewa ni za kuua vijidudu, na hapa vijidudu vikiwepo vimekuja baadaye kama wageni. Aliyesema fangasi mara ya kwanza simlaumu sana. Aliyesema fangasi mara ya tatu, bila kujiuliza kwa nini dawa haikufanya kazi mara mbili, huyo namlaumu.

Sasa jua. Unasema haliwezi kuwa jua kwa sababu amekaa juani tangu utotoni. Hiyo ndiyo sababu yenyewe, mwanangu.

Ngozi yako ina rangi inayoitwa melanini. Kwa darubini utaiona imejikusanya juu ya kiini cha seli, kama mtu aliyejifunika ungo kichwani mvua ilipomkuta njiani. Ndani ya kiini mna maagizo ya seli: ijigawe lini, ikome lini. Mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, ile ya urujuanimno, inayavuruga maagizo hayo. Wewe una ungo. Mdogo wako kazaliwa bila ungo, au anao mdogo sana. Mwili wake unajirekebisha, lakini kila siku yanabaki makosa mawili matatu yasiyorekebishwa, na kesho yanaongezeka mengine. Unajua daftari la mkopo la dukani: hakuna siku unayohisi umekopa vingi, mpaka mwenye duka ajumlishe. Damu yake ni nzito kama yako, jirani aache hadithi, na dagaa hawahusiki, zaidi ya kwamba ndio wanaomweka juani.

Na hiyo kapelo. Siku moja saa tano asubuhi simama nyuma yake anapogeuza dagaa, utazame jua linapiga wapi. Kapelo imefunika paji la uso na pua. Masikio yote mawili yako nje, shingo iko nje, na kwa kuwa ameinama, nyuma ya sikio ndiko kunakotazama juu. Kofia anayoihitaji ni pama, yenye ukingo mpana kuzunguka kichwa chote. Chini yake mchanga mkavu unamrudishia sehemu ya mionzi usoni, hivyo hata pama peke yake haitoshi. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, karibu na ikweta, ambako jua la mchana liko juu kabisa karibu mwaka mzima. Usipime kwa joto. Siku ya upepo wa ziwani na mawingu mepesi, mionzi inapita na ngozi inaungua vile vile. Pima kwa kivuli: kivuli chake kikiwa kifupi kuliko yeye, jua hilo linamuumiza. Zaidi ya nusu ya mionzi ya siku nzima inashuka kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na kwake yeye ningefunga hesabu saa kumi.

Kuhusu mtaji sitazunguka. Uguse. Kansa ya seli bapa ikiwahiwa inakatwa kwa ganzi, mgonjwa yuko macho, na wengi wanarudi nyumbani siku hiyo hiyo wakiwa na nyuzi tu. Wengi wao wanapona kabisa. Ikiachwa inakula sikio, inashuka kwenye tezi za shingo, na hapo ndipo mtaji unapokwisha kweli: upasuaji mkubwa, mionzi, safari juu ya safari, na kupona hakuna uhakika. Mdogo wako yuko wapi kati ya hayo mawili sijui, lakini leo usiku mpapase shingo upande wa kushoto, chini ya sikio na chini ya taya. Ukikuta uvimbe mgumu kama kunde, usiouma, usingoje hata wiki.

Usipoukuta, bado usingoje sana. Najua usiku wa giza, usio na mwezi, ndio msimu wako wa dagaa, na mbalamwezi wavuvi wanapumzika. Basi nendeni mbalamwezi hii inayokuja. Usivushe giza jingine.

Nenda kituoni ukaombe barua ya rufaa, na useme maneno haya haya: ana ualbino, ana kidonda miezi saba hakiponi, naomba akachukuliwe kinyama. Wakikupa tyubu nyingine, pokea, shukuru, na usinyanyuke kwenye benchi bila barua. Hospitali ya Bugando pale Mwanza wanatibu kansa, mionzi ikiwemo, hamlazimiki kwenda mpaka taasisi ya kansa ya Ocean Road, Dar es Salaam. Na pantoni ya Kigongo si kisingizio tena, tangu Juni 2025 mnavuka juu ya daraja. Hela ikipelea, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla hujaanza kukopa. Ulizia pia viongozi wa Chama cha Watu Wenye Ualbino waliopo karibu, wanajua kliniki ya ngozi inakaa siku gani na mlango gani.

Majibu ya kinyama yanachukua siku, pengine wiki kadhaa. Hapa ndipo watu wanapopotelea. Kliniki yetu ilikuwa na droo imejaa bahasha za majibu ambayo wenyewe hawakurudi kuyachukua, mengine ya watu ambao wangepona. Acha namba mbili za simu, yako na ya jirani mwenye chaji.

Huo unga mweusi auoshe leo kwa maji safi. Unaunguza ngozi, na unafunika kingo ambazo daktari anazihitaji. Shangazi usigombane naye, mwambie mnaanza na hospitali na yeye awaombee. Lakini kumpeleka kijana mwenyewe kwa mganga, hapana. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunajua ndugu zetu wenye ualbino wamefanyiwa nini kwa jina la uganga.

Akishatibiwa, kazi ibadilike, la sivyo utarudi kuniandikia kuhusu sikio la kulia. Kugeuza dagaa mpe mtu mwingine. Yeye akae chini ya turubai na mizani, apokee wateja, na ununuzi wa alfajiri mwende pamoja. Kama macho yanamsumbua kusoma mizani, mwandikie namba kubwa kwa kalamu nene. Shati liwe la mikono mirefu, la kitambaa kilichofumwa kwa kubana: liinue mbele ya taa, ukiona mwanga unapenya, na jua linapenya. Losheni ya kujikinga na jua iwe ya SPF 30 au zaidi, hicho ni kipimo cha nguvu yake ya kukinga. Ipo ya Kilisun, inatengenezwa Moshi pale hospitali ya KCMC kwa ajili ya watu wenye ualbino na inagawiwa bure kupitia kliniki zao, ulizia hiyo kabla ya kununua ya duka. Apake kwa wingi, masikioni na nyuma ya shingo, arudie kila baada ya saa mbili. Wapo wanaojipaka kama marashi, tone moja kila shavu, halafu wanasema losheni haifanyi kazi. Na si ruhusa ya kukaa juani kutwa, ni nyongeza juu ya pama na shati. Ngozi yote ikaguliwe kliniki angalau mara mbili kwa mwaka. Yale magamba madogo yanayoanza yanagandishwa kwa naitrojeni ya baridi kali, kwa dakika chache, kabla hayajawa kitu kingine.

Mkorogo wako nitausema kwa ufupi kwa sababu hukuniuliza. Mikorogo mingi ina zebaki au dawa za steroidi ndani yake: zebaki inaharibu figo, steroidi zinaifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, na ukiichubua rangi unautupa ule ungo niliokueleza, huku umeshinda mwaloni. Senegal madaktari wameandika habari za wanawake weusi waliojichubua miaka mingi wakapata kansa hiyo hiyo ya seli bapa kwenye sehemu zinazopigwa na jua. Acha, lakini muone mtu wa kliniki akuelekeze namna ya kuacha, maana steroidi ukiikata ghafla uso unawaka.

Sasa ile sentensi. Umeandika kwamba baba yenu ana doa jeusi unyayoni, linatanuka, mwaka wa pili, haliumi, na umeliandika kama ushahidi kwamba ukoo wenu hauna kansa. Kidonda cha mdogo wako kimenisikitisha, lakini kisigino cha baba ndicho kilichoninyima usingizi.

Tumezoea kusema kansa ya ngozi ni ya wazungu na ya wenye ualbino. Kwa jua ni kweli kiasi kikubwa, ungo unatulinda. Ila ipo moja inayoitwa melanoma, inayoanzia kwenye zile seli zinazotengeneza rangi, na kwa mtu mweusi inapenda kutokea pale ambapo hata jua halifiki: unyayoni, kiganjani, chini ya kucha. Ni nadra. Tatizo ni kwamba hakuna anayetazama unyayo wa mzee, na mzee mwenyewe anadhani ni mwiba, au jiwe lililomchoma, au uchafu wa shamba. Bob Marley ilimwanzia chini ya kucha ya dole gumba la mguu, ikadhaniwa ni jeraha la mpira. Aliambiwa ni melanoma mwaka 1977. Tarehe 11 Mei 1981 akafariki, akiwa na miaka 36.

Doa la unyayoni linaweza kuwa alama ya kuzaliwa nayo, au damu iliyovilia chini ya ngozi nene. Lakini damu iliyovilia husogea na kuisha ndani ya miezi, na alama ya kuzaliwa nayo haianzi mtu akiwa na miaka 61. Mwoshe baba mguu kwa sabuni, mkae mlangoni penye mwanga, ulitazame vizuri. Lina upana unaozidi milimita 6? Nusu moja inafanana na nyingine, au limekwenda ovyo kama ramani? Rangi ni moja, au kuna nyeusi, kahawia na buluu humo humo? Kingo zimekatika wazi, au zinafifia kama wino uliomwagika? Lipige picha kwa simu, weka sarafu pembeni ionyeshe ukubwa. Na usimruhusu mtu yeyote kulichokonoa kwa wembe. Hata majibu yako yote yakiwa ya kutia moyo, kutanuka kwake peke yake kunatosha kumpeleka hospitali. Melanoma haipimwi kwa maumivu, na inasafiri mwilini haraka kuliko hiyo ya sikioni.

Shida ni kwamba mzee wa miaka 63 anayelima hatakubali kwenda Mwanza kwa doa lisilouma. Nimewauguza wengi wa namna hiyo, na baba yangu mzazi alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo usimwambie anakwenda kutibiwa. Mwambie kijana anachukuliwa kinyama, ataogopa, na hospitali kubwa inataka mwanamume mzima wa familia awepo. Hilo hatalikataa. Mwombee naye barua ya rufaa kimya kimya, uiweke kwenye mkoba wako. Mkishaingia kwa daktari, mdogo wako akishamaliza kuonyesha sikio, mwambie baba avue kiatu.